UZI: Sikio linalovuja usaha mwaka hadi mwaka, ndani yake anaishi nani?

Mtu wa Sahani

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni maabara, upande wa kuotesha vimelea kwenye sahani ndogo zenye jeli. Kila wiki naletewa vijiti vya pamba vilivyochovywa kwenye masikio ya watu, wengi wao watoto, na karatasi imeandikwa "usaha sikioni, miezi 8" au "usaha sikioni, miaka 3". Nimeamua kuandika kwa sababu nikizungumza na wazazi dirishani maelezo yao yananiumiza. Huyu katia mafuta ya taa. Yule kamaliza chupa sita za amoksilini. Mwingine kaambiwa mtoto akikua litaacha lenyewe.

Nina mdogo wangu wa kike ambaye sikio lake la kushoto lilivuja tangu akiwa na miaka 4 mpaka akafika darasa la sita. Bibi alikuwa analisafisha kwa unyoya wa kuku, kwa mapenzi yote. Shuleni alikaa dawati la peke yake kwa ajili ya harufu. Leo hii ukimwita kutoka upande wa kushoto hageuki. Nikifungua sahani za watoto wa watu, namwona yeye.

Nianze na sikio zima, maana bila hilo huko mbele hatutaelewana.

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5, na mwisho wake ndipo ilipo ngoma. Theluthi ya nje ina vinyweleo na tezi za nta. Theluthi mbili za ndani ngozi yake ni nyembamba mno, imelala moja kwa moja juu ya mfupa, ndiyo maana ukifika huko na njiti ya kiberiti unaruka. Ngozi hiyo haikai mahali pamoja. Inatambaa kutoka kwenye ngoma kuja nje, polepole kama kucha inavyoota, na inapokuja inabeba nta, vumbi na ngozi iliyokufa. Sikio linajifagia. Ukiingiza kijiti cha pamba unasukuma ndani kile ambacho lilikuwa limeshakileta mlangoni.

Nta yenyewe si uchafu. Ina asidi kidogo, ina mafuta yanayozuia maji yasilowanishe ngozi, na ina vimeng'enya vinavyopasua kuta za bakteria. (Wenzetu wengi wa Asia ya Mashariki nta yao ni kavu kama pumba, yetu inanata. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha kuwa tofauti hiyo inatokana na badiliko la herufi moja tu kwenye jeni iitwayo ABCC11.)

Na humo ndani kuna wenyeji. Sikio lenye afya lina bakteria na fangasi wake, na wengine wamepewa jina la sikio kabisa. Staphylococcus auricularis ilitambulishwa 1983. Turicella otitidis ilifuata 1994, na siku hizi wameihamishia kwenye ukoo wa Corynebacterium. Yupo Alloiococcus otitidis, ambaye anaota taratibu mno. Maabara nyingi hutupa sahani baada ya siku 2, naye bado hajaonekana, kwa hiyo kwa miaka mingi hakuhesabiwa. Mpaka watu walipoanza kusoma vinasaba moja kwa moja kutoka kwenye pamba ndipo akaonekana ni mkazi wa kawaida. Ongeza na Malassezia, fangasi anayependa mafuta ya ngozi, na Cutibacterium acnes. Wengine kati yao hula mafuta ya mwili na kuacha asidi, na asidi hiyo inamfanya mgeni asipapende mahali pale.

Kwenye sahani wenyeji hawa hawana sura ya kutisha. Ni vidoto vidogo vyeupe vilivyofifia. Sikio likiwa hivyo, mwenyewe wala hajui kama ana sikio.

Sasa lije linalovuja.

Asubuhi nikifungua kabati la joto, kabla sijaangalia sahani nimeshajua. Inanipiga harufu tamu, nzito, kama zabibu zilizokaa sana juani. Sahani nayo imegeuka kijani, na si vidoto peke yake, hata jeli walioota juu yake imekunywa rangi. Huyo ni Pseudomonas aeruginosa. Si mkazi wa sikio. Makao yake ni maji na mahali penye unyevu, kwenye sinki, mabomba, ndoo, udongo uliolowa. Ndiye ninayemkuta zaidi kwenye masikio sugu, akishindana na Staphylococcus aureus. Anayefuata ni Proteus, ambaye hafanyi vidoto kabisa. Anatambaa sahani nzima kwa mawimbi, pete juu ya pete, kama mchanga wa ufukweni maji yakishakupwa. Huyo kwao ni utumbo na mazingira machafu.

Tazameni hapo. Wale wadogo weupe hawapo tena, au wamezidiwa mpaka hawaonekani. Watu wa maji na watu wa utumbo wamehamia sikioni. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni dawa gani itawaua, halafu lile ambalo halitiliwi maanani: ni nini kilichopafanya pale pawe kwao? Jibu ni unyevu. Ngoma ikitoboka na majimaji yakawa yanashuka mchana na usiku, nta inasombwa, asidi inapungua, ngozi inalainika kama kidole kilichokaa majini. Ukimwaga dawa juu ya bwawa hilo bila kulikausha, dawa inaelea.

Naendelea jioni. Wenye maswali waweke.

Mama Shani

Kaka asante sana kwa uzi. Wangu ana miaka 6, sikio la kulia linatoa usaha tangu alipougua surua akiwa na miaka 3. Linaacha wiki mbili tatu, akipata mafua linaanza upya. Ameshakunywa amoksilini mara nyingi sijui hata idadi. Juzi kituoni wamemwandikia matone ya jentamaisini. Jirani ananiambia nimtie maziwa ya mama, kuna mwenye kichanga hapa. Nifanye nini?

Mtu wa Sahani

Dada, pole. Nakujibu kwa utaratibu maana swali lako ndilo la wengi.

Mafua yanaingiaje? Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo chenye mrija unaoshuka hadi nyuma ya pua. Mtoto akiugua ghafla, sikio likauma, homa ikapanda, mara nyingi vimelea vimepanda kwa mrija huo kutoka puani: nimokoka, Haemophilus, Moraxella. Ugonjwa huo wa ghafla mara nyingi amoksilini inauweza, hasa ukiwa wa nimokoka. Ikichelewa, usaha unatoboa ngoma na kutoka. Ngoma ikikaa wazi, mlango wa pili umefunguka, na sasa wageni wa majini wanaingia kwa tundu la nje. Tundu na chumba cha nyuma vimekuwa nyumba moja.

Pseudomonas kwa maumbile yake haisikii amoksilini. Siyo kwamba imezoea, haijawahi kuisikia. Kloramfenikoli nayo inaitoa nje ya mwili wake kama mtu anayechota maji kwenye mtumbwi. Ndiyo maana chupa sita zinapita na sikio lipo vilevile, huku tumbo la mtoto ndilo lililokunywa dawa.

Kuna jambo jingine. Bakteria hawa hawaelei mmojammoja. Wanajipaka ute na kushikamana na ukuta kama ule utelezi ulio ndani ya pipa la maji. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichukua nyama ndogondogo kutoka masikio ya watoto wenye ugonjwa sugu, wakauona utando huo kwa darubini. Ndani ya utando dawa inapenya kwa shida, na ikiisha dozi waliobaki wanaanza upya. Hilo la "linaacha wiki mbili tatu" linaelezeka hapo.

Jentamaisini: kabla hujatia, rudi ukaulize kama ngoma imetoboka. Dawa za kundi hilo zikipita kwenye tundu la ngoma na kufika sikio la ndani zinaweza kudhuru usikivu na mizani ya mwili. Kwa ngoma iliyo wazi, matone yanayopendekezwa ni ya kundi la siprofloksasini.

Maziwa ya mama mwache kichanga anywe. Yana sukari na mafuta, na sikioni yanakuwa chakula na maji kwa wale wale tunaotaka waondoke.

Nesi wa Zamu

Naongezea upande wa kukausha, maana watu wanaambiwa "kausha" halafu wanakimbilia vijiti vya pamba.

Chukua kitambaa safi cha pamba chenye kunyonya, au tishu ngumu isiyonyofoka. Ile laini ya chooni itabaki humo. Isokote iwe utambi wenye ncha. Mkalishe mtoto, vuta sikio kidogo juu na nyuma, ingiza utambi taratibu mpaka akuambie anauhisi, uache ulowe. Utoe, weka mpya. Unarudia mpaka unatoka mkavu. Mara ya kwanza unaweza kumaliza tambi saba au nane, usikate tamaa. Hapo ndipo unatia matone. Mara 3 kwa siku, wiki 2. Ndivyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa magonjwa ya watoto unavyotufundisha, na sikio linalotoa usaha siku 14 au zaidi ndilo tunaloliita sugu.

Chupa ya dawa ishikwe mkononi dakika chache ipate joto. Dawa ya baridi inampa mtoto kizunguzungu cha ghafla, na kesho yake atakimbia akiiona. Ukishatia, bonyeza mara kadhaa kile kinyama kilichotokeza mbele ya tundu ili dawa isukumwe ndani, na abaki amelalia ubavu kama dakika tano.

Mtu wa Sahani

Nesi, Mungu akubariki. Hiyo ya kinyama cha mbele nilikuwa nimeisahau.

Mjukuu wa Bibi

Mkuu, naheshimu taaluma yako, lakini mimi sikio langu lilipona kwa kukaushwa tu. Mama alisokota kitambaa asubuhi na jioni, hakuna dawa. Kama tatizo ni unyevu kama unavyosema, dawa za nini?

Mtu wa Sahani

Mkuu, nami niliamini hivyo mpaka niliposoma takwimu za Kiambu, Kenya. Ni utafiti uliochapishwa 1996 kwenye jarida la kitabibu la Lancet. Walichukua watoto 524 wa shule za msingi wenye masikio sugu. Kundi moja walikaushwa na kupewa dawa, kundi jingine walikaushwa tu, na jingine hawakupewa chochote. Baada ya wiki 16, waliokaushwa na kupewa dawa walikuwa wamekauka asilimia 51. Waliokaushwa tu asilimia 22. Na wasiopewa chochote, asilimia 22 vilevile.

Nilirudia mstari huo mara tatu. Maana yake wapo wanaopona wenyewe, kama mmoja katika watano, na huenda wewe ulikuwa miongoni mwao, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini utambi peke yake haukuongeza kitu. Kazi yake ni kuifungulia dawa njia. Dawa bila utambi inaelea, na utambi bila dawa unakausha bwawa ambalo chemchemi yake bado ipo.

Na tena Kenya hiyohiyo, 2005 ukatoka utafiti mwingine. Walipima watoto zaidi ya 39,000 mashuleni, wakapata 427 wa kuwafuatilia. Nusu walitiwa siprofloksasini ya matone, nusu asidi ya boriki kwenye spiriti, ambayo ni dawa ya bei nafuu ya siku nyingi. Baada ya wiki 2, waliokauka ni asilimia 59 kwa 32. Nazipenda tafiti hizi mbili kwa sababu zilifanyika kwa watoto wa kwetu, wanaoogea ndoo na kukaa wengi darasani.

Mfamasia Mtaa wa Pili

Hapo kwenye siprofloksasini naomba tuwe waangalifu. Usugu unapanda kila siku. Watu wanakuja na majibu ya maabara, tena pengine yako wewe, yameandikwa Pseudomonas sugu kwa sipro. Unawaambia waendelee kutia?

Mtu wa Sahani

Swali zito, na una haki kuliuliza.

Tunapoandika "sugu" tunalinganisha na kiasi cha dawa kinachoweza kufika kwenye damu. Mtu akimeza kidonge cha miligramu 500, damu yake inapata kama mikrogramu 2 hadi 3 kwa mililita. Matone ya asilimia 0.3 yana miligramu 3 kwa mililita, yaani mikrogramu 3,000. Ni mara elfu au zaidi. Bakteria anayecheka na kidonge anaweza asistahimili tone, ili mradi tone limemfikia. Kwa hiyo jibu la "sugu" halimaanishi moja kwa moja kuwa matone hayatafaa, ila linamwambia daktari amfuatilie mgonjwa kwa karibu. Hii pia ndiyo sababu vidonge si njia nzuri ya kutibu sikio lenye tundu.

Lakini nakuunga mkono kwenye jambo moja: matone yasitiwe miezi. Ukiwaua bakteria wote na sikio likabaki limelowa, fangasi anakuta nyumba tupu. Naletewa sana hao, mtu katia dawa wiki sita, usaha umeisha, kwa mshangao wake sikio linawasha kuliko mwanzo.

Mzamiaji

Hapo umenigusa mimi. Nafanya kazi ya kuzamia, niko majini karibu kila siku. Sikio halitoi usaha ila linawasha usiku mpaka natamani kulikuna na ufunguo. Daktari alitoa kitu kama pamba chafu yenye vidoto vyeusi. Akasema fangasi. Nimesoma kuna fangasi wa masikio anaua watu mahospitalini, kweli?

Mtu wa Sahani

Vidoto vyeusi hivyo karibu kila mara ni Aspergillus niger. Ukiweka chini ya darubini unaona kijiti chembamba na kichwa cha duara kilichojaa mbegu nyeusi, kama mwenge uliozimwa. Kwa macho ni pamba iliyomwagikiwa unga wa mkaa. Matibabu yake ya kwanza ni kutolewa ule uchafu wote na daktari mwenye vifaa, halafu dawa ya fangasi ya kutia. Vidonge na matone ya bakteria havimsaidii.

Uliyemsoma ni Candida auris. Auris ni sikio kwa Kilatini, na alipewa jina hilo kwa sababu alielezwa mara ya kwanza 2009 kutoka sikio la mgonjwa mmoja Tokyo. Lakini hatari yake iko kwenye damu ya wagonjwa mahututi waliolazwa muda mrefu. Ameshaonekana Kenya pia. Wewe unayewashwa baada ya kuzamia usilale na hofu hiyo.

Ufunguo uache kabisa. Ukitoka majini inamisha kichwa, vuta sikio, maji yashuke, kausha kwa ncha ya taulo hapo nje tu. Kwa mtu ambaye daktari amehakikisha ngoma yake ni nzima, kuna matone ya asidi ya siki iliyozimuliwa yanayorudisha ile hali ya uchachu ambayo Pseudomonas haiipendi. Kama hujakaguliwa ngoma, usijaribu.

Abuu Tumbatu

Swali la haraka. Mwenye sikio bovu kwenye udhu anafanyaje? Na josho?

Mtu wa Sahani

Ya kidini nitawaachia wenyewe. Kwa upande wa sikio, kupangusa kwa kidole kilicholowa hapo nje hakupeleki maji ndani, hakuna tatizo. Kwenye josho na kuoga, chukua pamba, ipake mafuta mazito ya kujipaka, ziba tundu, ukimaliza itoe na uitupe. Usiache pamba humo kutwa nzima. Inatunza joto na unyevu, ndicho hasa kinachotafutwa na yule wa kijani.

Kabla sijasahau. Ukiona uvimbe nyuma ya sikio unaosukuma sikio mbele, uso umepinda upande mmoja, kizunguzungu na kutapika, homa na kichwa kuuma sana au shingo kukakamaa, hiyo ni hospitali usiku huohuo. Usaha unaweza kula mfupa na kufika kwenye utando wa ubongo. Na mzee mwenye kisukari anayelalamika sikio linauma usiku kupita kawaida, hata kama usaha ni kidogo, msimcheleweshe. Kwake Pseudomonas inaingia kwenye mfupa wa chini ya fuvu, na dawa ya matone pekee haitoshi.

Mama Shani

Narudi baada ya siku 16. Niliporudi kituoni nikamwomba daktari aangalie ngoma, akanielekeza kwa daktari wa masikio, pua na koo. Imetoboka kweli, tundu kama punje ya mtama. Wamebadilisha matone. Siku ya kwanza nilitumia tambi tisa, harufu ilinitoa machozi. Kuanzia siku ya tisa utambi unatoka mkavu asubuhi. Jana nilimwita kutoka jikoni kama nilivyozoea, akaniambia mama mbona unapiga kelele, nipo hapa.

Mtu wa Sahani

Dada, nimeisoma hii mara mbili nikiwa kazini.

Maliza siku ulizoandikiwa na usiongeze. Nta ikianza kuonekana tena mlangoni, usiitoe. Likianza kuvuja tena, omba achukuliwe kipimo kabla hujatia tone lolote, maana dawa ikitangulia sahani yangu inabaki tupu na sina la kumwambia daktari. Nenda kwenye miadi hata kama ni kavu, tundu dogo kwa mtoto linaweza kujifunga, lisipojifunga kuna upasuaji wa kuliziba akishakua kidogo. Ukifika omba na kipimo cha usikivu cha masikio yote mawili.

Na shuleni zungumza na mwalimu wake. Akae mbele, upande wa kulia wa darasa akiwa ameelekea ubao, ili lile sikio zima la kushoto ndilo limwelekee mwalimu.